Begi la Kwenda Baharini

Wiki iliyopita tulimwacha Dorika katikati ya uwanja, mkono wake umezama ndani ya begi la wifi yake na uso umembadilika. Wengi mmeuliza alishika nini. Msomaji mmoja wa Kahama alipiga simu akasema ni nyoka. Mwingine wa Masumbwe akaapa kwamba ni dhahabu. Wote mmekosa, na huyo wa nyoka namwomba apunguze chumvi.

Dorika alitoa mkono. Vidoleni mwake ilining'inia nguo ya kuogelea, nyekundu, ya kipande kimoja.

"Hii ni nini?"

"Nguo," alijibu Mektilda.

"Inavaliwa wapi?"

"Majini."

"Na juu yake unavaa nini?"

"Hakuna."

Mzee Edward, baba mdogo wa ukoo, aliyekuwa amekalia kigoda kuongoza kikao, aligeuka akatazama banda la mbuzi. Mzee huyu ana heshima zake.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa maandazi, tukumbushane upesi. Mektilda ni mke wa Ngusa, mwenye duara kule Mwakitolyo, yaani mmiliki wa shimo la dhahabu. Shimo hilo limekula ndoa yao yote. Ngusa amelala chini ya ardhi mara nyingi kuliko alivyolala kitandani kwake. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu binti yao Salome azaliwe, aliahidi jambo: watakwenda baharini, wawili tu, wiki nzima.

Sharti lilikuwa moja, siri. Wachimbaji wakisikia bosi anakwenda kupunga upepo wakati duara halijatema dhahabu, watasema limetema na yeye kaficha. Na ndugu wakisikia, watataka waende wote.

Mektilda akaitunza siri. Lakini alitaka kujua uzito wa begi lake, maana aliambiwa watu wa ndege Mwanza hawana mzaha na kilo. Mizani ya karibu ni ile ya ghala la ushirika, ya kupimia pamba. Akalikokota begi hadi huko, na kwa bahati yake mbaya ilikuwa siku ya kugawa mbegu, kijiji kizima kiko foleni. Karani akamuuliza anapima nini.

"Vitu vyangu," alisema. "Vya mume wangu havimo."

Maneno hayo yalifika kwa Dorika, dada yake Ngusa, kabla begi halijashushwa kwenye ndoano. Hapa kwetu mwanamke anayepima vitu vyake peke yake, mchana kweupe, mume yuko shimoni, anajulikana anakwenda wapi. Anarudi kwao.

Na kuna jambo nililisema sehemu ya kwanza, mkalisahau. Hawa wawili hawajafunga ndoa kanisani. Kila mwaka padri anaombwa tarehe, kila mwaka ama duara linaporomoka ama pampu inakufa. Kinachomfanya Mektilda awe mke wa Ngusa ni ng'ombe waliotoka boma hili kwenda Ushirombo kwa baba yake, mzee Athanas. Ng'ombe hao wakirudi, kwato ikavuka lango, ndoa imekwisha. Hakuna karatasi nyingine.

Sasa turudi uwanjani, kabla mzee Edward hajasinzia.

"Sikilizeni," alisema Mektilda. Siri ilikuwa imemshinda. "Tunakwenda baharini. Mimi na Baba Salome. Tunakwenda kupumzika."

"Kupumzika," Dorika alirudia.

"Ndiyo, wifi."

"Umechoka na nini?"

Mektilda alifikiria kuzitaja kazi zake kuanzia kisimani, akaona kikao kitafika jioni.

"Kitanda kipo ndani," Dorika aliendelea. "Mtu akichoka analala. Hapandi ndege."

Mzee Edward alikohoa. Yeye ni mtu wa haki, hapendi kuhukumu kabla hajauliza.

"Mayu, mama yangu, huko baharini mna ndugu?"

"Hatuna, baba."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mnafuata matibabu? Mbona Kolandoto ni karibu tu, na madaktari wapo."

"Hatuumwi, baba."

"Sasa mnakwenda kwa nani?"

"Kwa bahari."

Mzee Edward aliliwaza jibu hilo kutoka pande zote. "Nduhu," alisema hatimaye. Hakuna kitu kama hicho.

Dorika alikuwa amerudi begini. Akatoa kofia pana. Akatoa taulo. Akatoa chupa ya mafuta, akaisoma, akainusa.

"Ya nini?"

"Ya kuzuia jua."

"Jua la huko si ndilo hilihili?"

"Ndilo."

"Shambani unapaka?"

"Sipaki."

"Haya."

Kisha akatoa fundo la kanga. Akalifungua taratibu, na watu wote waliokuja kusaidia kutazama wakasogea. Ndani mlikuwa na michembe, viazi vile vyetu vya kukausha, na karanga za kukaanga.

"Mwaona?" alisema Dorika. "Mtu anayekwenda hotelini habebi michembe. Anayebeba michembe anahama."

Mektilda aliona aibu. Kusema kweli aliiweka usiku wa jana, akaitoa, akaiweka tena. Hajawahi kufika hotelini. Hakujua wanakula nini, na hakutaka kuuliza.

"Nilisema labda chakula chao kitanishinda," alijitetea.

"Na vitu vya Ngusa viko wapi? Mnakwenda wawili, humu mbona naona gauni tu?"

Hapo Mektilda alichangamka. Swali hilo alikuwa na jibu lake. "Ana begi lake. Alifungasha mwenyewe Jumapili. Liko chini ya kitanda, limefungwa kwa kufuli. Nendeni mkaone!"

Kwa nini alisema "nendeni mkaone"? Wasomaji, hata mimi nilimshika mkono. Hakusikia.

Begi la Ngusa lilitolewa nje. Ni jeusi, jipya, lina kufuli dogo la rangi ya dhahabu. Dorika alilinyanyua kwa kidole. Akachukua jembe lililoegemea ukuta, akalipiga kufuli mara moja, na zipu ikafunguka.

Lilikuwa tupu. Hapakuwa hata na soksi.

Sasa niwaambie kilichompata Mektilda, maana kwa nje hakikuonekana. Aliogopa. Hakumwogopa Dorika wala kikao. Aliogopa kwamba Ngusa hakuwahi kuwa na nia ya kwenda. Alikumbuka kila alipoitaja bahari mumewe alivyocheka, na yeye akadhani ni kicheko cha furaha. Alikumbuka asubuhi ile, Ngusa alivyoondoka kwenda shimoni akasema, "Saa sita nitakuwa hapa, tunaondoka." Saa sita ilikuwa imepita. Ndege ni ya kesho alfajiri, na leo walitakiwa walale Mwanza.

Alipiga simu. Simu ya mtu aliye chini ya ardhi haipatikani, na Mektilda alilijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini.

"Wifi," alisema Dorika, na safari hii sauti ilikuwa chini, "kwa hiyo hata yeye hujamwambia unaondoka?"

Mektilda alifungua mdomo. Kabla hajajibu, honi ililia nje ya lango, nzito na ndefu.

Kila mtu aligeuka isipokuwa Dorika. Dorika aliijua honi hiyo ni ya nani. Alikuwa ameiita mwenyewe.

Ilikuwa Fuso. Ilirudi kinyumenyume ikaegemeza mkia kwenye kile kichuguu kilicho mbele ya lango, ambacho ndicho ngazi ya ng'ombe hapa kwetu. Mlango wa abiria ukafunguka, akashuka mzee Athanas, rozari shingoni, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Nyuma yake, juu ya gari, ng'ombe walikuwa wanapumua.

Niwaambie simu ilivyokwenda. Asubuhi Dorika alimpigia akasema, "Mzee, binti yako amefungasha." Mzee Athanas akauliza swali moja tu: "Amefungasha au amefungashiwa?" Dorika akasema amefungasha mwenyewe. Mzee akakata simu.

Ng'ombe wa mahari ya Mektilda walishaondoka kwake zamani. Mzee aliwatumia kumwolea mke mwanawe Theonest. Alibaki mmoja tu, jike mweusi mwenye paji jeupe, ambaye hakuwahi kukubali kuuzwa. Kwa hiyo mzee aliingia zizini mwake akatoa wake mwenyewe. Akatoa mpaka maksai wa kulimia, na mvua ndiyo kwanza imeanza kunyesha. Hakumuuliza mkewe, wala hakumuuliza Theonest.

"Shikamoo, baba," Mektilda alipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Wamekupiga?"

"Hapana, baba."

"Wamekutukana?"

"Kidogo."

"Begi lako ni lipi?"

"Hilo hapo."

"Lipakie."

Basi. Hakutaka sababu. Maisha yake yote Mektilda aliamini baba yake anawapenda ng'ombe kuliko watoto, na alikuwa amezoea. Sasa aliwaona maksai wale wamesimama kwenye Fuso, pembe zimefungwa kamba, wameletwa kwa ajili yake bila swali, akalia mbele ya watu wote. Mzee Athanas alitazama tairi. Machozi hayawezi; angekuwa ng'ombe ndiye anayelia, angejua la kufanya.

"Baba, usiwashushe," Mektilda alisema alipopata sauti. "Sijaachwa, na siachi mtu. Tunakwenda baharini."

"Nani na nani?"

"Mimi na mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Shimoni."

"Begi lake?"

Watu wote waliliangalia begi jeusi lililolala wazi uwanjani.

Mzee Athanas alivaa viatu, kimoja kimoja, bila haraka. "Sawa," alisema. "Nitamsubiri. Aje aniambie kwa mdomo wake. Ng'ombe wasishuke mpaka huyo bwana afike."

Mektilda alishusha pumzi. Dorika naye alishusha pumzi, na naomba mlishike hilo. Mzee Edward alisema huo ni uamuzi wa busara, na akaomba maji ya kunywa.

Ubaya ni kwamba utingo wa Fuso alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma.

Yule jike mweusi alikuwa wa mwisho kupakiwa, kwa hiyo alikuwa wa kwanza mlangoni. Alisimama, akanusa hewa. Alizaliwa katika boma hili. Alitoka hapa akiwa mtamba, kwa mguu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda Ushirombo. Akateremka kichuguu taratibu, akashika njia ya lango.

"Mzuieni!" Mektilda alipiga kelele.

Alikimbia akasimama langoni, mikono ameitanua. Na hapa ndipo mlipaswa kumwona Dorika. Dorika yuleyule aliyepiga simu alitimua mbio kuliko wote, akafika mbele ya ng'ombe, akaanza kumpungia nguo ya kuogelea usoni.

"Rudi! Rudi wewe! Rudi kwenu!"

Mnaosema ng'ombe anaogopa rangi nyekundu, huyu hakuambiwa. Alimsogeza Dorika kwa bega, akampita Mektilda kwenye kwapa, akaingia. Alivuka uwanja, akalikanyaga begi jeusi, akaenda hadi kona ya zizi upande wa mashariki, akajilaza.

Mzee Edward alirudisha kikombe cha maji chini.

"Kwato imevuka," alisema.

"Amejiingiza mwenyewe!" Dorika alilia. "Hakuletwa! Baba mdogo, huyu hakuletwa!"

"Mila haiulizi ameingiaje. Inauliza ameingia au hakuingia."

"Lakini mimi nilitaka aogope tu! Nilitaka mzee aje, amkanye mwanawe, begi lifunguliwe, tupike, tule. Mimi nani atanisuka? Nani atakaa na mimi Ngusa akiwa shimoni?" Dorika alikaa chini, vumbini, nguo nyekundu mapajani. "Wifi, nisamehe."

"Si wifi yako tena," mzee Edward alimrekebisha, bila ubaya.

Mektilda hakuwasikia. Alikuwa bado langoni, mikono bado ameitanua kidogo. Ameamka mke wa mtu, na sasa si mke wa mtu, na chakula cha mchana hakijaiva. Alitaka kucheka akashindwa, akataka kulia akakuta ameshamaliza.

Pikipiki ikaja kwa kasi kutoka njia ya Mwakitolyo.

Aliyeiendesha alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe tangu nywele hadi buti. Begani amebeba kiroba kilichofungwa mdomo kwa kamba, vile viroba vya kubebea mawe ya dhahabu. Alizima injini, akatazama Fuso, akatazama watu, akamtazama ng'ombe kwenye kona.

"Nimechelewa," alisema Ngusa. "Lakini sasa hivi tunaondoka."

Alikitua kiroba, akakata kamba. Akatoa kaptula yenye maua. Akatoa ndala mpya, bado zimeunganishwa kwa uzi. Akatoa miwani ya jua na shati lenye picha ya mnazi.

"Nilikuwa nimezificha shimoni," alimweleza Mektilda. "Nilijua begi la nyumbani Dada atalifungua."

Dorika aliangalia mawingu.

Ngusa alikuwa amepiga hesabu zake vizuri, ila kosa lilikuwa moja, na kosa hilo hawezi kulifanya mtu wa mahali pengine popote. Kule machimboni ukipita na jeneza hakuna atakayekusumbua; watavua kofia. Pita na kiroba kilichofungwa mdomo, uone. Walinzi walimkamata getini. Wachimbaji wake wote wakapanda juu kushuhudia bosi anavyowaibia. Kiroba kikamwagwa chini mbele ya umati, ikatoka kaptula yenye maua. Waliigeuza, wakapapasa mishono, wakakuna ndala kwa kisu kutafuta dhahabu. Mwisho mmoja wao akamuuliza kwa upole kama anaumwa. Alitumia saa nzima kuwaeleza bahari ni nini, na bado hawakumwamini.

Mektilda aliiokota kaptula. Aliishika mbele yake kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda. Kisha akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, na kifua chake kikawa chepesi.

"Ulifungasha," alisema.

"Si nilikuambia?"

Wasomaji, kama mngekuwepo mngepiga makofi. Mimi nilikaribia. Lakini mzee Edward alinyanyua mkono.

"Ngusa, mwanangu. Una habari?"

"Ipi, baba?"

"Huna mke."

Alielezwa. Alielezwa na watu wengi kwa pamoja, Dorika akiwa ndiye mwenye sauti kubwa na mwenye kujipunguzia makosa. Ngusa alisikiliza mpaka mwisho. Alimwendea mzee Athanas, akainamisha kichwa chenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Baba, ni mimi. Ngusa."

"Ngusa nani? Mkwe wangu niliyekuwa naye sikuwahi kumwona mchana. Siwezi kujua kama ndiye wewe."

Ngusa alimeza mate. Vumbi likashuka nayo. "Nimekuja... nimekuja kumwomba binti yako."

"Kwenu kuomba huja mtu peke yake?"

Ngusa aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Mzee Edward, aliyetangaza kifo cha ndoa hiyo muda mfupi tu uliopita, alisimama, akabeba kigoda chake, akahamia upande wa pili, akakaa. Alisafisha koo. Sasa alikuwa mshenga.

"Mzee mwenzangu," alianza, "tumepita hapa, tumeona ua."

"Ua lipi?"

"Lile lililosimama karibu na michembe."

"Nimeliona. Mnalitakia nini?"

"Tunataka kulitunza."

"Huko nyuma mlilitunzaje?"

Mzee Edward alimgeukia Ngusa. Ngusa aliangalia buti zake. Mshenga akaona afadhali akubali tu: "Kwa mbali kidogo, mzee."

Mzee Athanas alitikisa kichwa polepole. Akamwita Mektilda asimame mbele yake.

"Mwanangu. Safari ile mimi nilipokea ng'ombe, wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Uliporudi na ndoo, ulikuwa mke wa mtu. Sikukuuliza. Padri alinisema, nikamwambia ndivyo tulivyo. Njiani leo nimelifikiria jambo hilo tangu Ushirombo mpaka hapa, gari lilikuwa polepole kwa sababu ya ng'ombe. Sasa nakuuliza mbele ya watu. Huyu bwana unamtaka?"

Watu walitabasamu. Jibu lilijulikana. Jirani mmoja alishaanza kutafuta kuni. Dorika aliweka mkono mdomoni, tayari kwa vigelegele.

Mektilda alimtazama Ngusa, vumbi lake, kaptula yake, macho yake yaliyozoea giza. Ningependa niwaambie alikuwa anawaza nini. Nadhani alikuwa anaonja swali tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nipeni muda," alisema.

Mkono wa Dorika ulibaki mdomoni.

"Muda wa nini?" aliuliza mzee Edward.

"Niende baharini. Nikirudi nitajibu."

"Mama Salome!" Ngusa alipiga hatua. "Nimefanya nini? Si nimekuja? Si nimefungasha?"

"Umekuja, na nimefurahi. Furaha yangu umeiona." Mektilda hakupandisha sauti. "Lakini miaka yote hii, Baba Salome, nilikuwa nakusubiri tu. Sikuwahi kukaa nikakufikiria kama nakutaka. Nilijua wewe ni wangu kama kisima kilivyo changu, nikiamka nipo nacho. Leo nimeulizwa. Sitaki kujibu haraka kwa sababu watu wana njaa."

Alifungua mkoba, akatoa tiketi moja kati ya mbili, akampa.

"Hii ni yako. Kiti ni chako, kiko karibu na changu. Ukija, njoo kama mtu anayeomba. Uniambie habari zako mwanzo mpaka mwisho. Mimi sizijui."

"Vyumba viwili," alisema mzee Athanas.

"Ndiyo, baba."

"Vyumba viwili na mlango ufungwe."

Ngusa aliishika tiketi kwa vidole vyenye vumbi. Macho yalimlowa, na machozi yalichora njia mbili safi kwenye vumbi. Huyu mwanaume hajui kusema, lakini siku hiyo alikuwa anatafuta neno, na naapa alikuwa amekaribia kulipata. Midomo yake ilishafunguka. Mektilda alisogea ili asikie vizuri.

"Bosi!"

Pikipiki nyingine iliingia mpaka ndani ya uwanja, ikamkosa kuku. Alikuwa Mwita, msimamizi wa duara, kijana wa Tarime asiyejua kuongea taratibu.

"Bosi, limetema! Ulipoondoka tu, baruti ya mwisho, mwamba umekaa wazi! Dhahabu unaiona kwa macho! Watu wamejaa mdomoni mwa shimo, mapanga nje, wanataka mgao leoleo. Usipokuja sasa hivi hutakuta jiwe!"

"Upande gani?" Ngusa aliuliza.

Lilimtoka kabla hajajua. Hakuna aliyewahi kuona mtu akitamani hivyo kulirudisha neno mdomoni. Aligeuka upesi kumtazama Mektilda, lakini Mektilda alikuwa amelisikia, kama alivyolisikia miaka yote.

Hakumkasirikia. Alirudisha michembe ndani ya begi, akairudisha kofia na mafuta ya jua. Alikwenda kwa Dorika, akachukua nguo nyekundu mapajani mwake, akaikung'uta, akaikunja, akaiweka juu ya vyote. Akafunga zipu.

"Baba, Fuso inafika Mwanza?"

"Inafika. Inanuka, lakini inafika."

"Na maksai?"

"Wanarudi na sisi. Nitawashusha kwa rafiki yangu njiani, nikitoka Mwanza niwachukue." Mzee alimtazama jike mweusi kule konani. "Huyo mwacheni. Amefika kwao."

Utingo alifunga mlango wa nyuma. Mektilda alipanda mbele, akakaa katikati ya baba yake na dereva, begi magotini. Uwanjani Ngusa alisimama palepale, tiketi mkono mmoja, kaptula mkono mwingine. Upande mmoja Mwita alikuwa anapandisha moto wa injini na kupiga kelele kwamba muda unakwenda. Upande wa pili mzee Athanas alichungulia dirishani.

"Bwana mwombaji, tukusubiri?"

"Ndege haisubiri, baba," alisema Mektilda. "Twende."

Dereva alitia gia. Fuso ilijivuta, ikaacha kichuguu, ikashika barabara ya vumbi. Nyuma yao pikipiki moja ilinguruma ikaondoka, kisha ya pili ikawashwa, na kwa mlio tu huwezi kujua kama zote mbili zinarudi shimoni au moja inakuja huku.

Kioo cha pembeni kilikuwa kimejaa vumbi. Mzee Athanas alinyoosha mkono akifute, aone kama kuna anayefuata. Mektilda akamshika mkono, akaurudisha mapajani mwake, akaushikilia hapo.